Umechaguliwa MD Vyuo Viwili? Fanya Haya Kabla ya Kuthibitisha

Kila mwaka, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wakishatoa majina ya awamu ya kwanza, simu yangu haitulii. Ujumbe ni uleule: "Shikamoo daktari, nimechaguliwa udaktari vyuo viwili, niende kipi?" Nami nikiuliza hospitali ya kufundishia ya kila chuo ni ipi, na mwaka mzima utagharimu shilingi ngapi, wengi hawana jibu. Wanachojua ni majina ya vyuo, na kwamba kuna binamu alisema kile cha pili wanakaza sana.

Kwa hiyo nimeandika yote mahali pamoja. Naandika kwa ajili yako uliyemaliza kidato cha sita na PCB yako, ukaomba Shahada ya Udaktari wa Tiba (MD) hapa Tanzania, majibu yakaja mawili, na sasa dirisha la kuthibitisha liko wazi. Msimamo wangu niuseme mapema: chagua ukiwa unautazama mwaka wa tatu, si mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza vyuo vyote vinafanana. Ni anatomia, fiziolojia, baiokemia na usiku mfupi. Mwaka wa tatu ndipo unaingia wodini, na ndipo familia nyingi zinaanza kuishiwa pesa. Chuo kinachokufaa ni kile kitakachokupa mgonjwa wa kumhudumia kwa mikono yako, na ambacho utaweza kukilipia mpaka siku ya mwisho.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Laini ya simu na baruapepe vilivyotumika kuombea, viwe mkononi mwako. Si kwa kaka, si kwa mwenye steshenari.
- Jina la kuingilia na nywila ya akaunti yako ya maombi katika kila chuo.
- Tangazo la TCU la mwaka huu lenye tarehe ya mwisho ya kuthibitisha.
- Mchanganuo wa ada wa kila chuo, ule kamili wenye michango yote. Mara nyingi upo ndani ya maelekezo ya kujiunga au kwenye tovuti ya chuo.
- Namba za wanafunzi wawili wa kila chuo walio mwaka wa tatu au wa nne.
- Daftari na kalamu. Usifanye hesabu hii kichwani.
- Mtu atakayelipa, awe baba, mama, mjomba au shangazi, akae tayari kwa mazungumzo ya saa moja.

Hatua ya 1: Hakikisha zote mbili ni MD

Fungua akaunti zote mbili usome jina la kozi, herufi kwa herufi. Mwanafunzi huomba kozi kadhaa kila chuo, na chuo kinaweza kukuchagua kwenye chaguo lako la pili au la tatu. Nimeshapigiwa simu na binti aliyekuwa ameanza kuaga kijijini kwamba anakwenda kusomea udaktari, kumbe chuo kimoja kilimpa maabara na kingine famasi. Ni kozi nzuri zote mbili, ila hazikuwa zile alizodhani.

Kama moja ni MD na nyingine ni kozi tofauti, swali lako si la chuo tena, ni la kazi gani unataka kuifanya maishani. Lijibu hilo kwanza kabla ya kuendelea hapa chini.

Hatua ya 2: Andika tarehe ya mwisho, kisha tafuta namba ya siri

Aliyedahiliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu, kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi au baruapepe aliyotumia kuomba. Andika tarehe ya mwisho ukutani, halafu jiwekee tarehe yako iliyo siku tatu kabla yake. Siku ya mwisho mfumo huelemewa, umeme hukatika, na wewe hutakuwa na muda wa kumpigia mtu.

Tafuta namba ya siri leo hii, hata kama hujaamua. Mdogo wangu mmoja aliombewa na mwenye steshenari wakati yeye yuko kambini JKT. Namba ya simu iliyowekwa ilikuwa ya yule mwenye duka, ambaye siku ile alikuwa amesafiri msibani na simu imezimwa. Tulihangaika siku mbili. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini siku mbili kati ya chache ulizonazo ni nyingi.

Namba hiyo usimpe mtu. Usiibandike kwenye kundi la WhatsApp la "MD wapya" ukiuliza inatumikaje. Aliye nayo anaweza kukuthibitishia chuo usichokitaka.

Hatua ya 3: Ichunguze hospitali kabla ya kukichunguza chuo

Hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. MD ni miaka mitano. Miwili ya mwanzo ni ya darasani na maabara, mitatu inayofuata unaishi hospitalini. Majengo ya chuo utakuja kuyasahau. Wodi hutaisahau.

Anza na ramani. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, iko Upanga, Dar es Salaam, pamoja na Hospitali ya Taifa Muhimbili, na hapo hapo kuna Taasisi ya Mifupa MOI na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kuna pia Mloganzila, nje kidogo ya jiji. Ukisoma Moshi, hospitali yako ni KCMC, iliyofunguliwa 1971 na inayopokea rufaa za kanda ya kaskazini. CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Mwanza, iko kilima kimoja na Bugando, hospitali ya kanda ya ziwa. UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wana Hospitali ya Benjamin Mkapa, na mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Chuo cha afya cha UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kilichopo Mbeya kinatumia Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na akina mama wajawazito wanahudumiwa Meta. Ifakara kuna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, katikati ya bonde la Kilombero, na malaria ya huko utaijua kwa macho kabla ya kuisoma kitabuni. Kairuki wako Mikocheni na hospitali yao wenyewe. Unguja, SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wako na Hospitali ya Mnazi Mmoja.

Sasa jiulize maswali matatu kwa kila hospitali.

La kwanza: ni ya chuo, iko jirani na chuo, au chuo kinaazima? Kuna vyuo ambavyo havina hospitali kubwa ya kwao, wanafunzi wanapelekwa hospitali ya mkoa kwa makubaliano. Hilo peke yake si baya. Baya ni pale vyuo viwili vitatu vinapogombania wodi moja, na makubaliano yakiyumba ratiba yenu inayumba nayo.

La pili: nani yuko mbele yako kwenye foleni ya kujifunza? Hospitali kubwa ya taifa au ya kanda ina mabingwa wengi na magonjwa ambayo kwingine huyaoni. Lakini ina pia madaktari wanaosomea ubingwa, ina watarajali (madaktari waliohitimu walio kwenye mwaka wa mafunzo kazini), ina wanafunzi wa uuguzi na wa diploma. Wote wanataka kutoboa mshipa uleule na kuzalisha mama yuleyule. Hospitali ya kati inaweza kuwa na bingwa mmoja tu wa watoto, ila usiku wa zamu ni wewe, mtarajali na muuguzi, na muuguzi mzuri atakufundisha mambo ambayo hayapo kwenye slaidi. Sisemi ndogo ni bora kuliko kubwa. Nasema ujue unanunua nini.

La tatu: mko wangapi kwenye kitanda kimoja cha mgonjwa?

Hili nilijifunza kwa maumivu. Chuo nilichosoma sitakitaja, na nakishukuru kwa mengi, lakini kundi letu la rotesheni (zamu ya kujifunza wodini) ya watoto lilikuwa la watu kumi na wanne. Asubuhi moja bingwa alisimama kando ya mtoto wa miezi saba mwenye nimonia kali akasema, "Oneni hapa, kifua kinavyobonyea." Mimi nilikuwa safu ya nyuma. Nilichokiona ni mgongo wa koti la mwenzangu. Raundi ikasogea kitanda cha pili, nami nikaandika kwenye daftari "kifua kubonyea", maneno matupu. Jioni nilirudi peke yangu, nikamwomba mama yake ruhusa. Akaifunua khanga. Nikashika saa, nikahesabu pumzi dakika nzima: sitini na mbili. Kwa umri wake hamsini tayari ni nyingi. Na kila alipovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, ilizama ndani kama mtu anayebonyeza kwa kidole kutoka nje. Mama akaniuliza, "Daktari, atapona?" Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, sikuwa daktari wa mtu. Nilimwambia dawa zimeshaanza na wauguzi wako macho. Tangu siku ile sijawahi kuikosa dalili hiyo kwa mtoto.

Ukiwa kundi la watu sita, unaiona asubuhi, bingwa akiwa bado yupo pembeni na unaweza kumuuliza swali. Kwa hiyo ukubwa wa kundi ni jambo la kuuliza kwa namba, wala usikubali jibu la "hatuko wengi sana".

Kuhusu anatomia nitasema kifupi: uliza kama kuna maiti za kujifunzia, na mko wangapi kwa mwili mmoja. Sanamu za plastiki na video zinasaidia kurudia, haziwezi kuwa mwalimu wako wa kwanza.

Hatua ya 4: Wapigie wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne

Usimpigie wa mwaka wa kwanza, bado anashangaa majengo. Usimtegemee pia aliyehitimu zamani, kwa sababu chuo alichokijua yeye kinaweza kuwa kimeshabadilika kwa uzuri au kwa ubaya. Mwenye habari ni yule aliye wodini sasa hivi.

Namba utazipata kwa walimu wako wa sekondari, kwa wenzako wa shule waliotangulia, kanisani, msikitini, au kwa jumuiya za wanafunzi vyuoni. Tuma ujumbe wa kistaarabu kwanza:

"Habari za leo kaka. Samahani kwa usumbufu. Nimechaguliwa MD chuoni kwenu mwaka huu na bado sijathibitisha. Nina maswali machache kuhusu masomo ya wodini. Nikupigie saa ngapi usipokuwa na kazi?"

Ukipata nafasi, uliza haya na uandike majibu:

- Kundi lako la rotesheni lina watu wangapi?
- Mara ya kwanza kutoa damu au kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani) mwenyewe ilikuwa mwaka wa ngapi?
- Umeshazalisha akina mama wangapi kwa mikono yako, na nani alikuwa anakusimamia?
- Bingwa anafika kwenye raundi, au mnafundishwa na watarajali muda wote?
- Darasa lenu mlianza wangapi, na sasa mko wangapi?
- Mtu akisapu (akifeli na kutakiwa kurudia mtihani) anarudia lini, na akifeli tena inakuwaje?
- Matokeo yanatoka kwa wakati?
- Kuna gharama gani ambayo hukuambiwa ulipokuwa unaanza?

Swali la tano lina uzito. Wakianza mia mbili na mwaka wa tatu wamebaki mia moja na hamsini, uliza hao hamsini wamekwenda wapi. Wengine wanakuwa wamedisko, yaani wameondolewa chuo kwa kufeli, wengine wameahirisha kwa kukosa ada. Sababu hizo mbili zinakuhusu kwa namna tofauti: ya kwanza inakueleza ugumu wa mitihani na msaada unaotolewa, ya pili inakueleza mfuko.

Ongea na watu wawili kila chuo. Mmoja anaweza kuwa ametoka kusapu wiki ile na ana hasira na kila kitu.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya miaka mitano

Kosa la kawaida ni kulinganisha ada ya mwaka wa kwanza peke yake. Chora safu mbili, moja kwa kila chuo, uandike: ada ya masomo, michango ya chuo, mtihani, TCU (20,000 kwa mwaka), bima ya afya ya NHIF (50,400 kwa mwaka kama huna bima nyingine), malazi, chakula, nauli ya kila siku, nauli ya kwenda nyumbani, na vifaa. Kwenye vifaa weka koti jeupe, skrabu, stetoskopu, kipima presha, glavu na vitabu. Stetoskopu ya bei kubwa isikuumize kichwa sasa hivi. Mpaka unaingia wodini utakuwa umeshajua unahitaji ya aina gani.

Mfano, kwa namba za kubuni ili uone njia. Chuo cha kwanza ada ni milioni 2, michango 300,000, chumba 600,000. Jumla 2,900,000. Chuo cha pili ada milioni 5.5, michango 500,000, hosteli 400,000. Jumla 6,400,000. Tofauti ni 3,500,000 kwa mwaka. Watu wengi huishia hapo wakasema, "tutajikaza". Sasa zidisha mara tano: 17,500,000. Hiyo ndiyo namba ya kumwonyesha baba, maana ndiyo atakayoilipa.

Halafu ingiza mkopo. Bodi ya Mikopo inaweza kukupa fedha za ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kozi na mafunzo kwa vitendo, ila kila mtu anapangiwa kiasi chake kulingana na hali ya familia. Kwenye mfano wetu, tuseme Bodi ikakupangia milioni 2 za ada popote utakapokwenda. Chuo cha kwanza ada imekwisha. Chuo cha pili bado unadaiwa milioni 3.5 kila mwaka, na chuo binafsi hakiwezi kukuacha ufanye mtihani ukiwa na deni mwaka hadi mwaka.

Mambo mawili usiyasahau. Mkopo ni deni, na ukishaajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Pia, miaka ya wodini likizo hufupika, kwa hiyo siku za kula na kulala chuoni zinaongezeka wakati bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) halijaongezeka kwa mwendo huo. Kama ulifaulu vizuri sana, fuatilia Samia Skolashipu inayowahusu waliofanya vizuri kidato cha sita kwenye sayansi, tiba ikiwemo. Kama jina lako limo, safu zako mbili zinabadilika kabisa, kwa hiyo zipige upya.

Onyo: usithibitishe chuo cha bei kubwa kwa matumaini kwamba mkopo "lazima utatoka". Fanya hesabu mbili, moja ukiwa na mkopo na moja ukiwa huna. Kama hesabu ya pili inasema utakwama mwaka wa pili, sikiliza.

Hatua ya 6: Jua utalala wapi

Hili watu hulipuuza. Uliza kama mwaka wa kwanza wanapewa hosteli, na hasa kama wanafunzi wa wodini wanapewa hosteli karibu na hospitali. Dar es Salaam wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na ukipanga Mbagala au Kimara kwa sababu ni nafuu, kikao cha ripoti ya asubuhi hospitalini kitakukuta bado uko kwenye daladala. Miji mingine chumba ni nafuu zaidi. Kwa anayetoka pwani, baridi ya Moshi au Mbeya mwezi wa sita na wa saba ni blanketi na sweta za kuingiza kwenye bajeti.

Hatua ya 7: Kaa na wazazi ukiwa na daftari

Usiende ukasema "mimi nataka chuo hiki." Nenda na zile safu mbili. "Shikamoo baba, nimeandika gharama zote za miaka mitano kwa vyuo vyote viwili, naomba tuziangalie pamoja." Mzazi anayeona namba huongea tofauti na anayesikia jina.

Kuna wazazi wanaoamini chuo cha serikali ndicho pekee chenye udaktari wa kweli. Waeleze kwa upole kwamba mhitimu wa chuo chochote kinachotambuliwa anapitia utarajali wa mwaka mmoja uleule na anasajiliwa na Baraza lilelile la Madaktari la Tanganyika. Kuna na wazazi wa upande mwingine, wanaoona ada ikiwa kubwa basi elimu nayo ni kubwa. Hao waonyeshe majibu ya swali la wodi.

Hatua ya 8: Thibitisha, kisha hakiki

Ingia kwenye akaunti ya chuo ulichokichagua, tafuta sehemu ya kuthibitisha udahili, weka namba ya siri, tuma. Subiri mfumo uandike kwamba umethibitishwa. Piga picha ya skrini. Rudi kesho yake uangalie tena.

Fanya mwenyewe, kwa simu yako au kwa kompyuta ambayo umekaa mbele yake. Ukilazimika kwenda steshenari, kaa pembeni mpaka mwisho na utoke kwenye akaunti kabla hujanyanyuka.

Kisha pakua maelekezo ya kujiunga na uanze mambo ya fomu ya uchunguzi wa afya, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya kidato cha nne na cha sita.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kufuata rafiki. Mlikaa dawati moja miaka miwili, naelewa. Lakini mkifika mwaka wa tatu mtapangwa makundi tofauti, wewe uko wodi ya upasuaji yeye yuko wodi ya wazazi, na mtaonana Jumapili.

Kuamini orodha za "vyuo bora Afrika". Orodha hizo nyingi hupima tafiti zinazochapishwa au hata ukubwa wa tovuti. Hazikuambii mko wangapi kitandani.

Kuwalipa vishoka. Akikupigia mtu anasema ana ndugu TCU na kwa laki mbili atakubadilishia chuo, kata simu. Udahili hauuzwi, na mambo yote ya udahili unayapeleka kwenye chuo chenyewe.

Kuthibitisha usiku uleule majina yalipotoka, kwa furaha. Chukua siku mbili tatu. Dirisha halifungwi usiku huo.

Ukikwama

*Namba ya siri haijafika.* Ingia kwenye mfumo wa chuo unachotaka kuthibitisha na uombe kutumiwa upya. Angalia na baruapepe, hadi kwenye kapu la taka. Kimya kikiendelea, piga ofisi ya udahili ya chuo asubuhi na mapema, ukiwa na namba yako ya mtihani ya kidato cha nne mkononi.

*Laini niliyoombea imepotea.* Irudishe kwenye duka la mtandao wako kwa kitambulisho cha NIDA, kama imesajiliwa kwa jina lako. Kama ni ya mtu mwingine, aende yeye. Wakati huohuo iandikie ofisi ya udahili uombe namba ibadilishwe.

*Nimethibitisha, sasa nimebadili mawazo.* Kama dirisha bado liko wazi, wasiliana na chuo ulichothibitisha siku hiyohiyo uulize namna ya kuondoa uthibitisho. Likishafungwa, njia iliyobaki ni kuomba uhamisho baada ya kufika chuoni, na huo unategemea sifa zako na kama kule unakotaka kuna nafasi. MD nafasi huwa chache. Usiufanye uhamisho kuwa mpango wako.

*Mkopo haujatoka na siku ya kuripoti imefika.* Bodi hutoa majina kwa awamu, kwa hiyo kukosa awamu ya kwanza si mwisho, na baadaye hufunguliwa dirisha la rufaa. Ongea na ofisi ya mikopo ya chuo kabla ya kuripoti, uulize kiasi cha chini cha kuanzia usajili na kama wanapokea ada kwa awamu.

*Majina kwenye vyeti yanatofautiana.* Shughulikia hati ya kiapo au ya kubadili jina sasa hivi, usisubiri wiki ya usajili.

*Nimekubaliwa pia nje ya nchi.* Kabla ya kulipa chochote, uliza TCU kama chuo hicho kinatambuliwa na namna ya kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi. Waulize pia Baraza la Madaktari wanataka nini kwa aliyesoma huko. Fanya hivyo kabla ya tiketi, si baada ya miaka sita.

*Nimefanya yote na vyuo vimelingana kabisa.* Basi angalia umbali kati ya mahali utakapolala na wodi ya wazazi. Akina mama wengi huja usiku, na mtarajali hawezi kukusubiri utafute bajaji. Rafiki yangu aliyekuwa na chumba dakika tano kutoka wodini alimaliza kitabu chake cha kumbukumbu za uzazi miezi miwili kabla yetu, kwa sababu muuguzi wa zamu alikuwa anampigia tu: "Njoo, mama huyu yuko sentimita nane, anakaribia kujifungua."